Gololi Thelathini na Moja

Nilipoajiriwa Ofisi ya Deni, mjini Parkersburg,
picha ya rais ilikuwa imeinama kidogo kulia,
na deni la taifa ndiyo kwanza limevuka trilioni moja.
Msimamizi wetu, Bwana Icenhower, aliandika sufuri zote ubaoni,
akapangusa chaki vidoleni, akasema: "Msizoee."

Tulizoea.

Miaka arobaini, picha saba, msumari ule ule.
Wa kwanza alikata kodi na kununua makombora,
akasema ng'ombe akipunguziwa mzigo atajaza ndoo mwenyewe.
Wa pili aliapa kodi haipandi. Ikapanda,
naye akashuka.
Wakati wa wa tatu nilijifunza kuandika neno
ambalo kalamu yangu haikuwahi kuliandika: ziada.
Tulikata keki ofisini. Hatukukubaliana ni ya nani:
yake, ya Bunge, au ya hisa zilizoumuka kama maandazi
siku chache kabla hazijanywea.
Wa nne aliirudisha ziada kwa wenyewe,
kisha vita viwili vikaja kula kwa mkopo.
Wa tano alikuta nyumba inaungua;
nani huuliza bei ya maji?
(Orland, shemeji yangu, huuliza. Huuliza mpaka leo.)
Wa sita alikata kodi jua likiwaka,
halafu maradhi yakafunga milango ya nchi nzima
na hundi ikaingia kwenye sanduku langu la barua.
Wa saba akaleta nyingine.
Niliezeka paa. Sitajifanya sikuezeka.

Kuna watu hututumia pesa, mnajua?
Za kupunguza deni. Kwa hiari yao.
Mjane mmoja wa Nebraska, Bi. Ottilie Kratochvil,
alituma dola tano kila Machi, zimefungwa kwenye karatasi ya nta,
na maneno mawili: "Sehemu yangu."
Niliziandika daftarini kama nilivyoandika mabilioni,
kwa mkono ule ule, mstari mmoja.
Mwaka ambao bahasha haikuja
niliangalia kasha mara tatu.

Jumapili, mezani kwa dada yangu Marvalee,
Orland alihesabu marais wa dada yangu tu.
Dada yangu akahesabu wa Orland tu.
Mmoja akapiga meza, "Angalia jumla!"
Mwingine akapiga meza, "Angalia pato la taifa!"
Mchuzi ukafanya ngozi juu.
Ndipo Tobin, mjukuu wao, miaka tisa,
akaleta mkebe wa gololi, zile baba alizozisubiri tanurini
mpaka kiwanda kilipofungwa,
akasema, "Bibi Verlene, kila moja iwe trilioni.
Tuone za nani ni zipi."

Nikapanga. Moja, ya kijani, ya kabla yangu.
Kisha za huyu, kisha za yule,
na kila nilipoweka, mmoja wao alishusha pumzi
na mwingine akaivuta.
Kumi. Ishirini. Sakafu ya nyumba ile ina mteremko,
nayo meza huufuata.
Ya thelathini na moja iligusa ya thelathini
na zote zikaondoka.

Zilipigana chini ya viti kama mvua ya mawe.
Tukapiga magoti, sote wanne, mikono chini ya jiko,
na Orland akainua moja kwenye mwanga:
"Hii ni ya yupi?"
Kioo hakina jina.
Wazee husema kukopa harusi, kulipa matanga,
lakini hawakusema mlipaji atakuwa na miaka tisa
na vumbi la jiko kwenye nywele.

Nina hatifungani kabatini, nilizozinunua kwa mshahara wangu.
Serikali inanidai kodi, mimi naidai serikali,
na kati yetu kuna paa lisilovuja.

Tulipata gololi ishirini na tisa.
Tobin bado anatafuta.