Cheti

Nimekikunja mara nne,
kikawa kama hirizi mfukoni.
Miezi minane namwambia Mwanatumu ni uchovu,
ni winchi za Kilindini, ni joto.
Mizizi ya Mwembe Tayari nimeichemsha yote;
iliniachia kiungulia.

Daktari hakucheka. Alinipima presha, sukari,
akauliza: "Kuna dawa ya moyo unayoweka chini ya ulimi?
Sema kweli. Hizo mbili hazilali nyumba moja."
Hakuna, nikasema. Akaandika.

Sasa duka la dawa, Makadara,
na nyuma ya kaunta, Yaa Rabi, ni Shekue,
niliyekuwa nikimvusha barabara akienda chuoni.
Anasoma. Hainui macho.
"Kimoja, Ami. Saa moja kabla.
Na si juu ya biriani, mafuta huichelewesha."
Akaandika hivyo hivyo kwenye bahasha,
kwa mwandiko ule ule wa ubao wa chuo.

Nimeiacha mezani makusudi,
nikajitia kutafuta ndara.
Mwanatumu ameisoma, mkono ukiipeleka mbali na macho,
mara moja, kisha tena.
Akaifunika sufuria ya biriani.
"Hii kesho," akasema.
"Leo tule mofa na chai."