Tui la Pili

Miaka kumi na mmoja Vuai aliwasha boila la dizeli
kabla ya adhana ya alfajiri,
wageni wa kipupwe wasitetemeke bwawani.

Juzi limeng'olewa. Pamefungwa kisanduku cheupe
kinachochota joto humu humu hewani,
kama mkono unaokama tui la pili
kwenye machicha uliyodhani yamekwisha.

Moshi hakuna.
Mgongoni kinapuliza baridi,
na Mize, akitoka tanurini na unga hadi vikwapani,
husimama pale, kanga imetuna:
"Hiki mbona hawakukileta jikoni?"

Vuai hucheka. Hunusa viganja. Bado dizeli.

Jioni, Bwejuu ya ndani,
mkewe ateleka maji ya kisima:
vifuu vitatu,
kata mbili,
aoge upesi, hayajapoa.