Mama Shomvi

Mtaani kwetu, Tabata Kimanga, mwanamke hana jina lake.
Akizaa anapewa la mtoto, analivaa mpaka kaburini.
Langu nimelivaa miaka ishirini na saba,
muuza mkaa kaniitia hilo, katibu wa kikoba kaniandikia hilo,
na sasa silitamki. Nimelikunja,
nimeliweka chini ya kanga za uzazi, pasipofika vumbi.
Halikuwa baya.
Halikuwa lako.

Umerudi Jumatano kutoka India, ndege ya alfajiri,
umeshika kifua kwa mikono miwili
kama aliyebeba trei la mayai.
Daktari kasema usinyanyue kitu,
usipandishe mkono juu ya bega.
Basi swichi ya feni ni mimi,
kikombe cha kabati la juu ni mimi,
shati ni mimi, mkono wa kushoto kwanza, taratibu, kisha wa kulia,
vilevile nilivyokuvisha ulipougua surua.

Kikoba niliwaambia nakopa kwa ajili ya jokofu.
Mpaka leo wananiuliza lini walete chupa zao zigande.
Mungu anisamehe hilo jokofu.

Sikuwa hivi toka mwanzo, usije ukanisifia kwa watu.
Siku uliyoniambia nilikimbilia bafuni,
nikafungua bomba ili usisikie nalia.
Maji yalikuwa yamekatika tangu juzi yake.
Ulisikia kila kitu.

Lugha ilinihurumia kabla sijajihurumia.
Yeye ni yeye. Mwanangu ni mwanangu.
Miezi ile nilijificha humo, kwenye maneno
yasiyouliza mtu kavaa nini.
Ni "binti" tu lililonikwama,
nikalimeza kama mwiba wa samaki,
kwa tonge kubwa, bila kutafuna, machozi yakinitoka.

Usiku wa pili umeme ukakatika.
Nikakupepea kwa kawa la kufunikia wali.
Ukaniuliza gizani, Mama, unaogopa kuangalia?
Nikasema siogopi. Nilikuwa naogopa.
Nikawasha tochi ya simu, nikafungua bandeji.

Mishono miwili, imepinda kidogo
kama nyusi za mtu anayeuliza swali.
Nilikuwa nimejiandaa kuona kilichoondolewa.
Nikaona kifua cha baba yangu.
Kilekile, bapa, na kibonde chake katikati,
alichokuwa akikipaka mafuta ya nazi kila akitoka kuoga.
Mzee Shomvi mwenyewe, kitandani kwangu, ananitazama!
Nikacheka mpaka nikakaa chini.
Ukasema, Mama, usinichekeshe, nyuzi zinavuta.

Baba yako hajapiga simu.
Ila Jumamosi kondakta wa basi la Kibiti kanipigia,
nenda Mbagala Rangi Tatu, kuna mzigo wako.
Gunia la machungwa, na kipande cha boksi juu yake:
KWA MGONJWA.
Si jina la zamani, si la sasa.
Nilikasirika njia nzima, gunia limenilalia miguuni.
Nyumbani nikachukua kisu, nikamenya.
Ulikula manne.
Kile kipande cha boksi ukaniomba nisikitupe.

Leo asubuhi, hodi getini.
Muuza mkaa kaita lile jina, Mama nani.
Sikuitika. Nilikuwa nakufunga vifungo.
Kaita tena. Kaita mara ya tatu, kwa sauti
ya mtu anayejua nipo.
Nikatoka, kanga begani, mkono bado unanuka spiriti.
Nikamwambia, huyo kahama.
Hapa anakaa Mama Shomvi.

Akanitazama. Akatazama mlango nyuma yangu.
Akajifuta paji, likazidi kuwa jeusi.
Akasema, na huyu Mama Shomvi,
anachukua debe moja kama yule, au mawili?

Mawili, nikasema.
Nikaingia ndani haraka,
chenji nimeisahau mkononi mwake.