Kimo cha Herufi

Ofisi yetu ya kuchapa iko nyuma ya dobi, Ruwi,
kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo ya rangi.
Ukurasa wa Kiarabu, baisa mia mbili.
Wa Kiingereza, mia tatu.
Watu wakilalamika nawaambia:
lugha ile ina herufi za vyeo, na vyeo vina gharama.

Kiarabu hakina makuu hayo.
Alifu ya amiri na alifu ya arnabu,
wa kitini na wa shimoni,
kimo chao kimoja.
Hata bibi yangu alidai madeni yake kwa Kiswahili cha hati hiyo,
na mdaiwa hakumzidi mdai kwa urefu.

Jana kaja Mwanasiti, wa Msambweni,
yaya kwa Daktari Philomena, Al Khuwair.
Anaomba ruhusa ya wiki mbili. Kafiwa.
Akavuta kiti, akataka kuona kila ninachobonyeza.

Jumatatu, kubwa.
Juni, kubwa.
Lakini kiangazi chenyewe,
hiki kinachoyeyusha lami hapo nje,
kidogo.
Akaguna. “Aliyepanga hayo hajafika Maskati.”

Nikamwonyesha mimi yao:
herufi moja, wima kama nguzo ya umeme,
kubwa popote iendapo,
hata ikiomba, hata ikilia.
Sisi mimi yetu hujibanza mlangoni mwa kitendo,
naomba, nalia, nimefiwa,
usipotega sikio imeshapita.

“Na sisi yao?”
“Ndogo.”
“Na wewe?”
“Ndogo vilevile.”
Akafikiri.
“Basi kwao mtu hurefuka akiwa peke yake.”

Akazihesabu kwa kidole kwenye kioo. Kumi na moja.
Mara kumi na moja kasimama mbele ya tajiri wake
bila kuinamisha shingo.

Tukafika kwa mama.
Nikamweleza: ukimwita, kubwa, kwani hapo ni jina.
Ukisema mama yangu, ndogo.
“Na akishakufa?”
Kanuni niliyosomeshwa haikufika huko.
“Mimi sikumwita jina jingine,” akasema.
“Jina lake lilijulikana na chifu na zahanati.”

Nikaiandika kubwa, pale isiporuhusiwa.
Mashine ikaipigia mstari mwekundu, wa mawimbi,
ikanikodolea.
Nikachapa hivyo hivyo.
Mstari ule hautoki kwenye karatasi.

Akahesabu sarafu. Mia mbili na hamsini.
Nikamwambia zimetosha.