Daraja la Tatu

Tiketi imeandikwa Daraja la Tatu,
na Ndelilio, aliyejua kusoma tangu Juni
na sasa anasoma kila kitu, hata mifuko ya saruji,
akaniuliza: la kwanza na la pili yako wapi?

Nikamwambia, hesabu.

Karanga likawa la kwanza; lilipita
kabla hatujamaliza kugombania dirisha.
Weruweru likawa la pili, akaliona nusu,
maana mama wa kiti cha mbele alikuwa anamenya ndizi mbivu
na kutugawia bila kutujua.
Akauliza baadaye, mdomo umejaa:
Arusha mnakwenda kwa nani?
Kwa baba, akasema mtoto. Mama anarudi.

Yule mama akatazama nje. Mungu ambariki.

Desemba ni ya baba yake, Pasaka ni yangu.
Ndivyo tulivyoandikiana barazani, kata ya Njoro,
mbele ya karani mwenye kikohozi.
Miguuni nina begi la sweta na madaftari,
na mkungu wa mshare kwa bibi yake wa Sakina
ambaye hakuna karatasi iliyoniachanisha naye.

Juu ya Kikafu treni ikapunguza mwendo,
ikaguna, ikasimama,
behewa letu juu ya maji hasa.
Mkagua tiketi akapita akisema dakika tano
kwa sauti ya mtu aliyewahi kuzisema saa tatu.

Chini, kijana anaosha pikipiki
kwa upole ambao labda hajampa mtu.
Mvua ilinyesha juu huko usiku;
mto umekuja na rangi ya chai ya maziwa,
na dumu moja la njano linalojigonga kila jiwe.

Kwenye kitabu chake kuna picha ya pantoni:
malori, ng'ombe, mwanamke na mwavuli.
Kikafu haina pantoni?
Mwanangu, kiangazi haya maji
yanafika magotini mwa mbuzi.
Pantoni ingekaa juu ya mawe kama kuku anayeatamia.

Akanuna. Basi nikampa kitu
nilichokuwa nacho tangu utoto, sikumbuki alinipa nani:
usitazame ukingo. Usimtazame wa pikipiki.
Tazama maji tu, pale yanapotujia,
wala usipepese.

Akatazama. Nikatazama.
Mto ukasimama.
Na chuma chote hiki, mabehewa,
mikungu, jogoo wa magendo chini ya kiti,
yule mama na maganda yake pajani,
tukang'oka taratibu
tukaanza kupanda mto
kuelekea kule mlima ulikojifunika hadi kichwani
kama mtu asiyetaka kuulizwa.

Si Moshi. Si Arusha.
Tunaelea, akasema, kwa sauti ndogo,
asije akaizamisha.

Ilinijia kumwambia neno zuri.
Ilinijia kusema: la tatu ni wewe, Ndelilio,
wewe unayetuunganisha ng'ambo hii na ile.
Lilifika kwenye meno, nikalimeza.
Daraja hukanyagwa.
Daraja halilali, halinuni, haliulizwi kama limechoka.
Na awe mtoto tu, kidevu kina ndizi.

Kisha mshtuko, mnyororo wa vyuma
ukapokezana kutoka kichwani hadi kwetu,
na mto, kama aliyeamshwa, ukaendelea na safari yake.
La nne linaitwaje? akauliza.

Jumapili nilirudi peke yangu.
Nilichagua dirisha lile lile,
la upande wa mlima.
Treni siku hiyo ilikuwa nzima, ina haraka,
imepakwa grisi na nani sijui.
Kikafu nilihesabu tisa,
sikupepesa hata moja.

Hazitoshi kuelea.