Bitana

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako.
Hawakufika bohari yangu, hapa Łódź,
ghorofa ya tatu ya kiwanda kilichokufa,
ambako nguo elfu nne za watu wengine
zinangoja kuazimwa tena, na zinasitiri
makalio ya wafalme, ya majasusi, ya makarani wa posta,
na hajalalamika mtu
ila mfalme mmoja, aliyedai kola inamwasha.

Mama alifuma humuhumu. Teofila, zamu ya usiku,
mashine namba kumi na saba.
Alirudi nyumbani na pamba kwenye nyusi
na uziwi kidogo, kila mwaka kidogo,
ndiyo maana televisheni yetu ilipiga kelele.
Jumatatu majirani walijaa chumbani,
mzee Walenty na kigoda chake mwenyewe,
wakifuatilia tamthilia, nani kamsaliti nani.
Mimi nilitazama vifungo.
Nikamwona hakimu wa sehemu ya pili
kavaa koti la mwizi wa sehemu ya kwanza,
kola tu imegeuzwa,
nikapiga ukelele. Nilikuwa na miaka saba.
Wakaniambia nyamaza.
Sijanyamaza.

Baadaye nikazijua siri:
kwamba shati jeupe lilichovywa kwenye chai
lisije likameza uso wa mwigizaji;
kwamba lile gauni la harusi lililomliza mama
lilikuwa la kijani, kijani cha kidonda;
kwamba uzee hutengenezwa kwa msasa,
mafuta ya taa na kikwaruzio cha jibini,
na umaskini hukaa kwenye kiwiko.
Utajiri pia. Tajiri wa kweli hana kiwiko kipya.

Na kikulacho ki nguoni mwako:
hili nalikubali, nawaapia kwa nondo,
vijidudu rangi ya vumbi
waliokula, majira ya baridi yale,
mkono mzima wa kanali.

Koti hili nililikuta soko la Jumapili.
La mwaka thelathini na nane, sufu nzito,
kahawia ya mkate uliosahauliwa jikoni.
Muuzaji akanong'ona: ni la marehemu.
Nikamwambia, dada, yote ni ya marehemu,
punguza bei.
Mfukoni, tiketi ya tramu. Bitana imechanika
kutoka kwapani hadi kiunoni.
Nikaishona usiku wa kwanza, nikaifumua,
nikaishona usiku wa pili.
Gracjan, mwongozaji, kijana mwenye haraka,
akasimama mlangoni: Bi Ludwika, bitana haionekani.
Haionekani, nikasema,
nikatunga uzi mwingine.

Asubuhi Kacper akalivaa. Mtoto wa simu,
mabega ya mtu asiyewahi kungoja kitu.
Hariri ikamshika mgongoni, baridi kwanza.
Akatia mkono mfukoni, akaikuta tiketi
(sikuitoa; nguo isiyo na takataka mfukoni ni sare)
na nikayaona mabega yakishuka, taratibu,
kama ya mtu aliyeachwa na tramu ya mwisho
na anajua nani yumo ndani.

Kamera ilikuwa haijawashwa.
Walirudia mara tisa. Ya sita ilikaribia.

Filamu imetoka. Koti linapita sekunde nne,
mbali, ndani ya ukungu.
Ukumbi mzima unafuta machozi kwa ajili ya uso,
na uso ni mzuri, sibishi.
Mimi nahesabu vifungo.
Vitano ni vya koti. Cha chini kabisa
ni cha aproni ya mama, rangi hailingani,
nilikitia kwa makusudi,
na nimekaa safu ya nyuma, maonyesho ya tatu wiki hii,
nikingoja mtoto mmoja, popote gizani,
apige ukelele.