Gundi

Daftari hili linanuka msonobari.
Ni ile gundi tunayopaka vidoleni ili mpira utii:
inaganda kwenye kitasa, kwenye kikombe, kwenye nywele za mtoto,
na aliyekuwa mume wangu alikuwa akisema
anajua nilikopita nyumbani kwa kupapasa swichi za taa.

Mimi ndiye mwandika mabao.
Zamani nilicheza winga ya kushoto, kabla goti halijanisaliti.
Siku hizi asubuhi napima kamba kiwandani, hapa Sisimiut,
jioni nachonga penseli.

Ukurasa wa kwanza: tumefungwa, tofauti mabao kumi na tisa.
Penseli ilikuwa ya kuazima, mwandiko unatetemeka.
Ukurasa wa pili hatukucheza. Ukungu uliatamia uwanja wa ndege
siku tatu, kama kuku na mayai yake,
tukalalia mabegi, Ivalu akitufundisha kuruka
katikati ya foleni ya abiria.
Nimeandika: Ukungu kumi, Grinilandi sufuri.

Wageni huuliza: nchi nzima watu elfu hamsini na ushei,
mnawatoa wapi wanawake kumi na sita wa kurusha mpira?
Tunawatoa. Mmoja ni mkunga Qaqortoq.
Mmoja anaendesha greda la theluji.
Pipaluk, golikipa, huchuna ngozi za sili na mama yake,
mikono yake haiogopi kitu kinachoteleza.
Na ukumbi wetu wa mazoezi una dari ya chini,
mpira wa juu hugonga taa,
basi tukazoea kutupa chini chini.
Ugenini wakadhani ni mbinu.

Montevideo walikosea wimbo.
Wakatupigia wa Denmark.
Tulisimama midomo imefumbwa mpaka ukaisha,
ndipo Pipaluk akaanzisha wetu, sauti kavu, bila ala,
na refa aliyekuwa akitazama saa
akaacha kuitazama.
Tulifungwa siku ile pia. Nimeiandika kwa wino.

Wanasema asiyekubali kushindwa si mshindani.
Sisi tulikubali, tukakubali tena,
tukawa mabingwa wa kukubali.

Kuna kurasa mbili zimegandana.
Mabinti wapya huomba nizibandue kwa mvuke wa birika.
Nakataa. Humo mna arobaini na moja kwa tisa.
Yale tisa nayajua kwa moyo: manne ya Ivalu,
matatu ya mkunga, moja walilojifunga wenyewe,
na la mwisho langu,
goti likilia kama mlango wa baridi.

Halafu mwaka huu, Nuuk, mwezi wa Machi.
Ishirini na tatu kwa ishirini na tatu.
Wenzetu wamemtoa golikipa wao ili washambulie saba kwa sita,
lango lao liko wazi kama mdomo wa mtu aliyesinzia.
Sekunde nane. Wanarusha. Pipaluk anaukata kwa paja,
anauokota,
na golikipa wao anatoka benchi mbio, mikono juu,
akisubiri mpira wa juu kama wa watu wote.

Pipaluk akautupa chini chini.

Sikuona mengine. Nilikuwa nimesimama juu ya kiti,
mtu kanikumbatia, nadhani ni mchuuzi wa kahawa,
penseli imevunjika, daftari liko chini ya miguu ya watu,
na alama ya raba ya mtu, saizi thelathini na nane,
ipo mpaka leo pale ambapo bao lilipaswa kuwa.

Karatasi za waamuzi zinasema tulishinda.
Daftari langu linasema sare.
Ivalu kaja na keki, kaja na kalamu,
kaniambia, dada, sahihisha.

Nimekula keki.